Alama Bila Maneno ni Deni

Wanachuo wenzangu, hapa chuoni muhula haupiti bila shindano. Leo la insha, kesho la mashairi, keshokutwa la "wazo bora la biashara". Tangazo linabandikwa, kazi zinakusanywa, wiki kadhaa zinapita kimya. Halafu jioni moja ukumbini yanasomwa majina matatu, picha zinapigwa, soda zinanywewa, imeisha hiyo. Waliobaki, na ndio wengi, hawaambiwi kitu. Hawajui walipata ngapi, nani aliwasoma, wala kama walisomwa kweli. Mtu anarudi hosteli akiwa amejifunza jambo moja tu: kwamba yeye si mshindi.

Mimi nasema shindano la namna hiyo ni nusu shindano. Anayempa mwenzake alama bila kumwambia kwa nini anabaki na deni. Na mfano wa watu wanaolipa deni hilo sitautoa kwenye somo letu la upimaji na tathmini, japo ndimo ulimopaswa kuwa. Nitautoa mahali ambapo baadhi yenu mtacheka: kwenye michezo ya kompyuta.

Sisemi ule mpira mnaochezea kwenye vibanda vya PS. Nasema michezo ya visa inayochezwa kwa maandishi matupu. Hakuna picha, hakuna sauti. Unasoma kwamba upo ndani ya nyumba ya zamani, kuna taa mezani na mlango upande wa kaskazini. Chini kuna nafasi ya kuandika. Unaandika "chukua taa", mchezo unakujibu kwamba umeichukua. Unaandika "fungua mlango", unakujibu kwamba umefungwa kwa ufunguo. Basi ndiyo hivyo, neno kwa neno, mpaka kisa kiishe. Nilianza kuicheza mwaka wa kwanza kwa sababu isiyo ya kifahari hata kidogo: bando. Faili la aina moja maarufu ya michezo hii haliwezi kuzidi KB 512, sawa na picha chache za WhatsApp. Unalipakua mara moja, unazima data, unakaa kimbwetani na simu yako mpaka giza liingie.

Michezo hii ina historia ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katikati ya miaka ya 1970, Mmarekani Will Crowther, mtaalamu wa programu aliyependa kuingia mapangoni, alitunga mchezo wa pango uliotokana na Mammoth Cave, pango refu lililoko Kentucky. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua, ukasambaa kwenye kompyuta za vyuo. Mwaka 1979 ikaanzishwa kampuni ya Infocom, ikauza michezo ya maandishi kama Zork na kupata fedha nzuri. Kisha picha zikaja, biashara ikafa, na Infocom ikafungwa mwaka 1989. Soko likahama, lakini wapenzi hawakuhama. Mwaka 1993 mwanahisabati Mwingereza Graham Nelson alitoa bure programu ya kutungia michezo hiyo, iitwayo Inform. Mtu yeyote mwenye kompyuta na subira akaweza kutunga wake.

Lakini kutunga ni kitu kimoja, kusomwa ni kitu kingine. Mwaka 1995 wapenzi hao, wakiongozwa na Kevin Wilson, walianzisha Interactive Fiction Competition, ambayo wenyewe huiita IFComp. Mwaka ule wa kwanza ilikuwa na michezo 12. Mwaka 2020 iliingia michezo 103. Haijawahi kukosa mwaka. Washiriki hawalipwi kutunga, na majaji hawalipwi kuhukumu. Na jaji anaweza kuwa mtu yeyote. Ndiyo, hata mwanafunzi wa ualimu wa Dar es Salaam mwenye simu iliyopasuka kioo. Misimu miwili sasa nimekuwa mmoja wao.

Naomba mnisikilize kwenye kanuni, maana hapo ndipo penye shule. Jaji anatoa alama kuanzia 1 hadi 10. Ili kura yake ihesabiwe ni lazima ahukumu angalau michezo mitano, kwa hiyo huwezi kuja, ukampa rafiki yako 10, ukaondoka. Kila mchezo unaupima kwa saa mbili za mwanzo tu. Ukitaka kuendelea baada ya hapo endelea, lakini alama haibadiliki tena. Jaji anaweza pia kupewa orodha iliyochanganywa kwa ajili yake, ili mchezo wa kwanza kwenye orodha yangu usiwe wa kwanza kwenye orodha yako. Aliyewahi kusahihisha lundo la madaftari anaelewa. Daftari la kwanza linasomwa na mwalimu mwenye matumaini. La sabini linasomwa na mwalimu mwenye njaa. Mwanafunzi wa sabini hana kosa, lakini ndiye anayeumia. Wenzetu wamelitambua hilo na wameligawa hilo umizo ili lisimwangukie mtu mmoja kila mara.

Jingine ni majina. Mtunzi anaruhusiwa kutumia jina la bandia. Mwaka 1996 mshindi alijiita Angela M. Horns. Ukizipanga upya herufi za jina hilo unapata Graham Nelson, yule yule aliyewapa programu ya kutungia. Kila mtu pale alimjua, na angeweza kupigiwa kura kwa heshima tu. Akaficha jina, kazi ikasimama kwa miguu yake. Sasa tuulizane kwa upole: kwenye mashindano yetu, ambapo jaji anamjua mshiriki, anajua yupo idara gani na juzi walikuwa naye safari moja, ni kazi ngapi zinasimama kwa miguu yake?

Ila kanuni peke yake si kitu. Kilichonivuta zaidi ni desturi. IFComp haimlazimishi jaji kuandika maoni, lakini wengi huandika. Wanaeleza walikwama wapi, walicheka wapi, sentensi ipi iliwagusa, mlango upi ulikataa kufunguka wakati mantiki ilitaka ufunguke. Mtunzi aliyeshika nafasi ya 60 anaweza kupata maoni ya watu wasiomjua, waliokaa na kazi yake saa mbili nzima. Jamani, saa mbili! Nani kati yetu amewahi kusomwa kwa saa mbili na mtu asiye mama yake?

Kuandika maoni hayo kumenifundisha jambo ambalo darasani tulilipitia kwa slaidi mbili. Mchezo mzuri na mchezo mbovu hautofautishi kwa jinsi unavyokupokea ukiwa sahihi. Hapo yote inafanana. Unautofautisha kwa jinsi unavyokujibu ukikosea. Chukua Lost Pig, iliyoshinda mwaka 2007. Wewe ni Grunk, zimwi mwenye akili nzito, umetumwa kumtafuta nguruwe aliyepotea usiku. Lugha ya Grunk ni ya kuvunjikavunjika na inachekesha. Lakini siri yake iko kwingine: ukimwamuru afanye upuuzi, mara nyingi ana jibu la upuuzi huo. Anajaribu, au anakueleza kwa nini hataki, na katika jibu lake unapata fununu. Kwenye mchezo mbovu, ukiandika kitu ambacho mtunzi hakukifikiria, unajibiwa "sikuelewi". Mara ya kumi ya "sikuelewi" mtu anafunga simu.

Huo ndio ualimu wenyewe. Jibu sahihi la mwanafunzi halimdai mwalimu mengi. Jibu lisilo sahihi ndilo linalomdai. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, mkondo mmoja wa kidato cha pili ulikuwa na wanafunzi 87. Niliporudisha insha zao, kila moja ilikuwa na alama na sentensi moja chini yake. Moja tu. Niliyoyaona sikuyatarajia: walipomaliza kulinganisha alama, ambayo ni kazi ya dakika moja, walianza kusomeana sentensi. Kijana mmoja akanifuata ofisini. "Samahani mwalimu, hapa umeandika, 'Bibi yake amepotelea wapi baada ya aya ya pili?' Kwani ilitakiwa arudi?" Tukazungumza robo saa kuhusu wahusika. Alama yake ilikuwa 11 kwa 20, na hakuiulizia kabisa. Namba inafunga mazungumzo. Sentensi ile ilikuwa imeyafungua.

Najua kuna hoja za upande wa pili, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza: wapiga kura wengi huua kazi ya ajabu. Wastani unapenda kitu kinachompendeza kila mtu kidogo. Ni kweli, na ushahidi upo. Mwaka 2012 Porpentine aliingiza mchezo uitwao howling dogs, uliotungwa kwa Twine, ambapo mchezaji habuni amri bali anabofya maneno. Ulishika nafasi ya 11. Kuna waliosema huo si mchezo. Lakini tazama kilichofuata. Wapenzi hao hao walikuwa na tuzo nyingine, XYZZY, zilizoanzishwa na Eileen Mullin kwa michezo ya mwaka 1996, na jina lake ni neno la uchawi kutoka ule mchezo wa pango. XYZZY haikuuliza tu mchezo upi ni bora. Iliuliza uandishi bora ni upi, mandhari bora, mafumbo bora, kila kitu mahali pake. Huko howling dogs ukachukua tuzo ya uandishi bora na ya kisa bora. Mzani mmoja ulipokosea, mwingine ulikuwepo. Hata kanuni ya saa mbili ina gharama yake: Anchorhead wa Michael Gentry, mchezo mrefu wa kutisha wa mwaka 1998, haukuingia kwenye IFComp. Ulipata heshima yake kwenye XYZZY, kwa mandhari bora. Sisi tuna mzani mmoja, watu watatu wameushika, na chumba kimefungwa.

Tena wana zawadi moja ninayoipenda kuliko zote: Ndizi ya Dhahabu ya Mfarakano. Inakwenda kwa mchezo ambao alama zake zimetawanyika kuliko zote, yaani hawa wanaupa 10 na hawa wanaupa 2. Kwetu mfarakano wa majaji ni aibu, unamalizwa kimya kimya kwa kugawanya kwa tatu. Kwao ni habari. Kazi iliyowagawa watu imegusa kitu, na mtunzi wake anastahili kujua hivyo. Kuna pia zawadi inayopigiwa kura na watunzi wenyewe, kwa sababu fundi huona kwenye kazi ya fundi mwenzake vitu ambavyo mteja havioni. Yupo mtu hapa chuoni aliyepewa 9 na jaji mmoja na 3 na mwingine, akatangaziwa "hukufuzu", na mpaka leo hajui kwamba kuna mtu aliipenda kazi yake. Simjui kwa jina, lakini nina hakika yupo.

Hoja ya pili: majaji wa mtaani hawana utaalamu. Mwaka 1998 mshindi alikuwa Photopia wa Adam Cadre, kisa kifupi chenye huzuni, karibu hakina fumbo la kufumbua. Ubishi ukawaka: mchezo usio na fumbo ni mchezo? Watu wasiolipwa waliandika hoja ndefu, kwa upande huu na ule, na baada ya hapo watunzi wakaanza kuthubutu mambo ambayo kabla yake yaliogopwa. Niambieni ni lini mara ya mwisho uamuzi wa shindano letu lolote ulizaa hata mabishano ya kimbweta kimoja. Utaalamu unaokaa kimya hauwafundishi wengine kitu.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, maana ina ukweli: muda. Mhadhiri mwenye karatasi 400 za mtihani wa mwisho wa muhula hawezi kuandika barua 400. Nakubali. Lakini sizungumzii mtihani. Nazungumzia shindano lenye kazi 20, au 30 likifana sana. Asiye na muda wa kuandika sentensi tatu kwa kila kazi hana muda wa kuwa jaji. Si dhambi. Awapishe wengine.

Na tusidhani haya ni mambo ya wageni tunayoyaiga. Bibi zetu walikuwa na kanuni hiyo kabla ya kompyuta. Kitendawili! Tega! Mtegaji anatega, watu wanajaribu, wanakosa, wanajaribu tena. Wakishindwa kabisa anasema, "Nipeni mji." Anapewa Tanga, anaukataa. Anapewa Mwanza, anaukubali, anatamba kidogo kwamba amefika na amekula vizuri. Lakini mji si wa bure. Akishaupokea ni lazima atoe jibu, na jibu likiwa halishikiki watu watamzomea. Hajawahi kuwepo mtegaji aliyechukua mji, akanyanyuka, akaenda kulala na jibu lake. Kwenye mashindano yetu majaji wanapewa mji, wanapewa na posho ya kikao, na jibu wanaondoka nalo.

Basi napendekeza hivi kwa serikali yetu ya wanafunzi, hasa wizara inayosimamia burudani na utamaduni. Muhula ujao tufanye shindano dogo la visa vya kuchezwa, kwa Kiswahili. Programu ya Twine ni ya bure, na kazi yake inatoka kama faili ambalo simu yoyote yenye kivinjari inalifungua. Huhitaji kujua kuprogramu. Unahitaji kisa na njia panda. Na kwa wale wenzetu wa kompyuta wanaotaka kazi ngumu zaidi, mchezo wa kuandika amri kwa Kiswahili ni uwanja mpana. "Fungua mlango" ni rahisi. Kompyuta ielewe kwamba "ufungue" ni ule ule mlango na "ifungue" ni barua, hapo sarufi ya ngeli tuliyoilalamikia shuleni inageuka kuwa mtaji.

Kanuni ziwe chache. Majina ya watunzi yafichwe mpaka siku ya matokeo, ya majaji yawe wazi. Jaji awe mwanachuo yeyote, wa kitivo chochote, mradi amehukumu kazi tano au zaidi. Kila kazi ipimwe kwa saa moja, maana na sisi tuna kozi weki. Alama 1 hadi 10, na chini ya alama sentensi tatu za lazima: nilichokipenda, nilipokwama, ningekushauri nini. Bila sentensi hizo alama isihesabiwe. Hapa tutakuwa tumewazidi hao tuliowaiga, maana kwao ni hiari. Mwisho kila mshiriki arudishiwe bahasha yake yenye maoni yote, aliyeshinda na aliyeshika mkia. Na ndizi iwepo. Ya kweli, kutoka kwa mama wa matunda pale getini. Haizidi nauli ya daladala.

Nimesikia mtu akisema wanachuo hawatajitokeza kuhukumu bila malipo. Labda. Lakini robo tatu ya mazungumzo yetu hapa ni hukumu za bure: wimbo mpya, kocha, ubwabwa wa kantini, mhadhiri. Kipaji cha kuhukumu tunacho tele. Tunachokosa ni mazoea ya kukaa na kazi ya mtu kwa saa moja kabla ya kufungua mdomo, kisha kumwambia yeye mwenyewe, kwa adabu, tulichokiona. Kwa sisi tunaosomea ualimu hayo si mapambo ya taaluma. Miaka miwili ijayo kuna watoto watakaotupa daftari kwa mikono miwili na kusubiri tuwaambie kitu. Afadhali tuanze kujizoeza sasa, kwa kazi za wenzetu, wakati ambapo tukiandika sentensi ya hovyo mwenyewe anaweza kutufuata kimbwetani na kutuuliza tulimaanisha nini.